Lori la Mafuta au Fuso ya Mizigo? Uliza Haya Kabla Hujapokea Funguo

Mwaka huu watu watatu wameniuliza swali lile lile. Wote ni wa Kagera, na wote wana digrii au wako njiani kuipata. Kati ya lori la mafuta na lori la mizigo, lipi linalipa? Wananiuliza mimi, msichana ninayesoma ualimu na sina hata leseni ya pikipiki, kwa sababu wanajua baba yangu mdogo ni dereva. Alianza na fuso ya ndizi, akaja kwenye tangi, na sikukuu akiwepo nyumbani hadithi ni za barabarani tu.

Wa tatu kuuliza ni kaka tuliyesoma naye kitivo kimoja. Amemaliza Historia na Kiswahili, ameomba ajira, ameitwa kwenye usaili (siku hizi mwalimu naye anafanya usaili, hilo mnalijua), kisha akarudi Muleba kusubiri. Katika kusubiri huko akasomea udereva na kupata daraja E kwenye leseni, lile la malori. Sasa ana nafasi mbili. Moja ni ya tajiri wa Bukoba mwenye lori la tangi, nyingine ni fuso ya mizigo pale Muleba: leo ndizi, kesho saruji, msimu ukifunguka kahawa. Kwa kuwa huko mbele wengi wetu tutalikuta swali hili, sisi wenyewe au wadogo zetu, nimeona niliandikie.

Nikisema wazi mwanzoni, wengi wanalinganisha malipo peke yake, na hapo ndipo wanapopotea. Tofauti kubwa ya kazi hizi mbili ni hasara. Mzigo ukipungua, ukichelewa, ukioza au ukiwaka, nani analipa?

Kwanza tuondoe dhana kwamba zote mbili ni kazi za karibu na nyumbani. Mafuta ya nchi hii yanaingia kwa meli kupitia Dar es Salaam, Tanga na Mtwara. Kwa hiyo tangi linalohudumia vituo vya Bukoba, Muleba na Missenyi kwa kawaida linayafuata mafuta huko pwani. Dar hadi Bukoba ni karibu kilomita 1,400: Dodoma, Singida, Nzega, Kahama, Lusahunga, Biharamulo, Muleba, halafu mjini. Ukipiga wastani wa kilomita 50 kwa saa, ambao kwa gari lililoshiba si mbaya, hizo ni saa 28 za usukani kwa kwenda tu. Ongeza kulala, mizani, foleni ya kupakia na foleni ya kushusha, na wiki imekwisha. Tajiri anaweza kuwa jirani yako Hamugembe, lakini wewe utaishi barabarani. Mwenye fuso ya Muleba, siku nyingi, usiku analala kwake.

Ukitaka kuona fedha ya tangi inatoka wapi, chukua jedwali la bei kikomo ambalo EWURA huitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei ziko mji kwa mji. Weka Dar upande mmoja na Bukoba upande mwingine, kisha ushuke hadi Kyerwa. Sehemu kubwa ya tofauti unayoiona ni gharama ya kusafirisha, na humo ndani ndimo ulimo mshahara wa dereva na posho yake ya safari. Ndiyo maana posho ya tangi huwa nono kuliko ya fuso. Safari ni ndefu, mzigo una thamani kubwa, na tajiri hataki dereva wa kubahatisha.

Sasa shoti.

Shoti ni upungufu. Ulipakia lita kadhaa bohari, kituoni zimesomeka pungufu, tofauti hiyo ndiyo shoti. Kwa baadhi ya matajiri mjadala hauwi mrefu, dereva anakatwa. Dhana inayotawala ni kwamba dereva amenyonya, na tusidanganyane, wapo wanaonyonya. Lakini upo upungufu ambao hakuna binadamu aliyeuiba, na hapa ndipo wenzetu wa Fizikia wangetusaidia kuliko wanasheria.

Petroli ikipata joto hutanuka, ikipoa husinyaa. Kwa kila nyuzi moja ya Selsiasi, ujazo wake hubadilika kwa takriban asilimia 0.1. Dizeli hubadilika kidogo chini ya hapo. Tuseme umepakia lita 35,000 za petroli mchana wa jua la Dar, ukashusha Bukoba alfajiri. Bukoba iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, asubuhi zake mnazijua. Ikiwa mafuta yamepoa kwa nyuzi 10 tu, piga hesabu: 35,000 mara 0.001 mara 10, unapata lita 350. Kwa bei ya kukadiria ya shilingi 3,000 kwa lita, hiyo ni shilingi 1,050,000. Hakuna aliyefungua koki. Uzito wa mafuta ni ule ule uliotoka Dar, isipokuwa sasa yamekaa kwenye nafasi ndogo zaidi.

Kwa sababu hiyo kampuni inayojua kazi yake hupima joto pamoja na kina, na hurekebisha hesabu za kupakia na kushusha zirejee kwenye joto moja. Pia huandika kwenye mkataba kiwango cha upungufu unaokubalika. Tajiri asiye na kipimajoto wala kiwango, anayechovya kijiti tu na kukutazama usoni, huyo atakukata mshahara kwa sababu ya baridi ya Bukoba. Ndiyo maana swali la kwanza kwa mwenye tangi liwe hili: shoti inapimwaje, na mwisho wa kuvumiliwa ni lita ngapi? Mshahara uje baadaye.

Sheria nayo ina neno, na ni neno ambalo madereva wengi hawajawahi kuambiwa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 28, haimruhusu mwajiri kukata fidia ya hasara kienyeji. Hasara iwe imetokea kazini na kwa kosa la mfanyakazi. Mfanyakazi aelezwe kwa maandishi sababu, kiasi na jinsi kilivyokokotolewa, na apewe nafasi ya kupinga. Hata hayo yote yakitimia, makato yasizidi robo ya ujira wake. Ukilipwa 400,000 kwa mwezi, mwisho wa kukatwa ni 100,000. Kwa ile 1,050,000 yetu, hata kama kweli ungekuwa na kosa, makato yangechukua zaidi ya miezi kumi. Tajiri hawezi kuubeba mshahara wote wa mwezi na kukuachia nauli ya hiace.

Nimekaa sana kwenye shoti kwa kuwa inagusa kila safari. Moto haugusi kila safari, ila ukigusa ni mara moja. Tarehe 10 Agosti 2019, Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakusanyika kuchota, likalipuka. Waliokufa walizidi 100. Miezi michache kabla ya kutimia miaka kumi na moja nyuma, Januari 2009, Sachangwan kule Kenya ilikuwa hivyo hivyo, na Julai 2010 Sange, Kongo ya mashariki, walikufa zaidi ya 200. Mikasa yote mitatu inafanana: lori limelala, watu wana ndoo. Tangi likianguka kijijini kwetu, kazi ya kwanza ya dereva aliye hai ni kuzuia watu, na itabidi awazuie kwa ukali watu wanaomwona kama anawanyima riziki. Jiulize kama unaliweza hilo ukiwa na damu usoni, utingo wako amevunjika mguu.

Mafunzo ya mizigo hatari yapo kwa ajili hiyo. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, NIT, kinafundisha madereva wa malori, na kozi ya mizigo hatari ni tofauti na leseni. Daraja E linakuruhusu kuendesha lori, halikufundishi kwa nini tangi lazima liunganishwe na waya wa ardhini kabla ya kushusha, au kwa nini chemba iliyotoka na petroli haiwekwi dizeli bila kukaushwa kwanza. Tajiri anayekwambia hayo utajifunzia njiani anataka ujifunzie kwenye lita 35,000.

Kuna jambo jingine ambalo baba mdogo huliita kucheza na maji. Tangi lililojaa halichezi sana, na tupu halina cha kucheza. La nusu ndilo hatari. Mafuta yakipata nafasi yanakimbia: ukifunga breki yanakusukuma mbele, ukikata kona yanaegemea nje ya kona, na gari linafuata. Ndiyo sababu matangi hugawanywa chemba na kuwekewa kuta zenye matundu ndani. Sasa fikiria mzunguko wa kwetu. Umeshusha kiasi Muleba, kilichobaki unakipeleka Bukoba, kilomita sitini na kitu za vilima na kona, halafu mwisho kabisa unakutana na mteremko wa Nyangoye unaoingia mjini, boda boda wamejaa chini. Dereva mzuri anapanga tangu bohari kwamba mteja wa kwanza amalize chemba nzima nzima, asiache nusu. Ukiona tajiri anauza “lita chache chache” kutoka kila chemba, ujue anakutengenezea gari lisiloshika njia.

Mpaka hapa mtu atasema basi fuso ndiyo salama. Ngoja kwanza.

Fuso ina hasara za aina yake. Ya kwanza ni msimu. Kahawa ya Kagera, ambayo kwa sehemu kubwa ni robusta, inaanza kukusanywa kwenye vyama vya msingi kati ya Mei na Juni, na kwa miezi kadhaa magari hayalali. Baada ya hapo kuna wiki unakaa stendi ya malori Muleba unacheza drafti. Kama unalipwa mshahara, sawa. Kama unalipwa kwa tripu, au umepewa gari kwa hesabu kama boda boda, ukame wa mzigo ni wako na tajiri anasubiri hesabu yake vile vile.

Ya pili ni ndizi. Ndizi haina sili wala kijiti, lakini ina saa. Mikungu ikipakiwa Kamachumu au Izigo, imeanza safari ya kuiva. Gari likizama tope siku mbili mnunuzi Mwanza hakuelewi. Na Muleba mvua ni nyingi, kuanzia Machi hadi Mei na tena mwisho wa mwaka. Ukitoka lami kuingia mashambani, ule udongo mwekundu ukilowa ni sabuni. Hapo ndipo dereva wa fuso anapoonyesha ujuzi ambao dereva wa tangi, anayekaa lami muda mwingi, ameshausahau. Afadhali kidogo siku hizi: daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa takriban kilomita 3, lilifunguliwa Juni 2025, na foleni ya kivuko kwa anayetoka Kagera kwenda Mwanza kwa njia ya Geita imekwisha. Ila tajiri naye ameliona daraja. Tripu uliyokuwa unaipigia hesabu ya siku mbili sasa anaitaka kwa siku moja, na usingizi wako haujajengewa daraja.

Ya tatu ni uzito. Tangi ujazo wake unajulikana, ni vigumu kulizidisha. Fuso inapakiwa mpaka mwenye mzigo atosheke. Lumbesa imekatazwa kwenye vipimo lakini bado unaikuta imelala juu ya gari, na karatasi inasema gunia la kilo 100. Ukifika mizani ya Kyamyorwa ndiyo unaujua ukweli. Sheria ya udhibiti wa uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 haijali nani alipakia. Gari likizidi linazuiwa, tozo inalipwa, mzigo unapunguzwa. Nani analipa tozo hiyo? Kama hukuuliza kabla, jibu ni wewe. Na hata usipopita mizani, breki za gari lililozidishwa mteremkoni ni zile zile zilizotengenezwa kwa uzito wa kiwandani.

Ya nne ni gari lenyewe. Matangi mengi yana ratiba ya ukaguzi, kwa sababu bohari ikiona tairi kipara inaweza kukataa kukupakia. Fuso ya mtaani haina anayeikataa isipokuwa trafiki. Kabla hujakubali, lala chini ya gari uangalie, halafu uliendeshe tupu kwenye mlima. Hakuna aibu. Anayeona aibu kukagua gari atakuwa anakagua vyuma vya mguuni kwake.

Mtu mwingine ataniambia mbona bomba la mafuta linakuja, kazi ya tangi ina miaka mingapi? Hili nimelisikia hata vimbweta vya chuoni, na halina ukweli. Bomba la EACOP, kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani Tanga, linapita kweli Missenyi, Bukoba vijijini, Muleba na Biharamulo. Lakini linabeba mafuta ghafi ya Uganda kuyapeleka melini. Petroli ya kituo cha Muleba haitatoka humo. Lililoweza kuwapa madereva wetu kazi ni ujenzi wake, kusogeza mabomba, kokoto na mitambo, na hiyo ilikuwa kazi ya lori la mizigo, tena ya muda.

Sasa niseme ninavyoona mimi. Kwa mtu aliyetoka chuo, ana leseni mpya na anasubiri kuitwa kufundisha, aanze na mizigo, na aanze na gari dogo la mzunguko wa karibu. Sisemi hivyo kwa sababu ni salama, nimeonyesha kwamba si salama sana. Nasema hivyo kwa sababu kosa la mgeni kwenye fuso mara nyingi linamgharimu mkungu wa ndizi, kioo cha pembeni au siku mbili za tope. Kosa la mgeni kwenye tangi halina ukubwa huo. Tena akiwa karibu na nyumbani anaweza kufundisha tuisheni jioni na kuwahi usaili ukitangazwa. Aliyeko njia ya Singida anasoma tangazo likiwa limeshapita. Tangi aliendee baadaye, akiwa na miaka kadhaa ya mlima na mvua, cheti cha mizigo hatari na mkataba ulioandika shoti.

Ila nikutane na hali moja ya kunibadilisha. Mwenye tangi akiwa na mkataba wa maandishi, NSSF, amesajiliwa Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, anakulipia mafunzo na kukuweka miezi kadhaa pembeni ya dereva mzee, na mwenye fuso akiwa na ahadi za mdomo peke yake, basi nenda kwenye tangi. Afadhali petroli yenye karatasi kuliko ndizi isiyo na karatasi. Mchango wa Mfuko wa Fidia analipa mwajiri, hukatwi wewe, kwa hiyo anayekwambia atausajili “ukizoea kazi” hana sababu. Na muulize kama utingo naye amesajiliwa. Huyo ndiye anayepanda juu ya tangi na ndiye wa kwanza kusahauliwa.

Najua kwetu, nchi ya nshomile, kuna mama hataki hata kutamka kanisani kwamba mwanawe mwenye digrii anaendesha fuso. Atasema “yuko kwenye mambo ya usafirishaji”. Sawa, waitu, aseme hivyo. Ila digrii hapa ina kazi yake. Mtu aliyezoea kusoma sera za elimu za kurasa mia hawezi kushindwa kusoma mkataba wa kurasa mbili, na wengi wa madereva wanaoonewa wanaonewa kwa karatasi walizosaini bila kusoma. Sheria ile ile ya 2004 inamtaka mwajiri akupe masharti ya kazi kwa maandishi, na saa za kawaida ni 45 kwa wiki, zaidi ya hapo ni malipo ya ziada. Weka kumbukumbu zako: picha ya sili wakati wa kupakia na kushusha, joto lililosomwa, saa uliyofika, karatasi ya mizani. Viweke kwenye simu na umtumie mtu wa nyumbani, maana simu ya dereva huibiwa.

Ikitokea umekatwa kinyume na hayo au umeachishwa, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA, ina ofisi Bukoba. Kwa aliyeachishwa kazi muda wa kupeleka lalamiko ni siku 30, kwa madai mengine kama makato ni siku 60. Siku hizo hazisubiri tajiri arudi safari, na wengi wanazimaliza wakiambiwa “njoo wiki ijayo tuongee”.